Safari ya Akina Mama kwenye Mawe ya Kale

Mwezi huu nimepokea swali kutoka kwa mama mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba. Anasema wao ni marafiki kumi na wawili wanaochanga fedha kidogo kidogo ili kila mwaka watoke pamoja kwa siku moja. Mwaka jana walikwenda ufukweni Bukoba, wakala samaki, wakapiga picha, wakarudi. Mwaka huu baadhi yao wanataka kwenda kutazama mahali pa kale. Wengine wamekataa. Mmoja amesema huko ni kwenye mizimu, hakumfai Mkristo. Mwingine amesema kulipa nauli ili ukatazame mawe ni kuchezea fedha. Je, waende au wasiende?

Jibu langu ni kwamba waende. Lakini wasiende hao kumi na wawili peke yao. Nitaeleza kwa nini.

Yaliyo karibu nasi

Kwanza tumjibu huyo anayeona hakuna cha kutazama. Wengi wetu tumesikia kwamba huko Uingereza watu husafiri kutoka pande zote za dunia kuyaona mawe ya Stonehenge, yaliyosimamishwa kwa duara yapata miaka 4,500 iliyopita. Tunadhani mambo ya namna hiyo ni ya Wazungu. Lakini hapa kwetu, ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, upo mji wa mawe uitwao Thimlich Ohinga. Ni kuta zilizojengwa kwa mviringo, mawe matupu yamepangwa moja juu ya jingine bila udongo wala saruji. Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na zimesimama tangu karne ya 16. Ndani yake waliishi watu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nasi Tanzania tunayo Engaruka, huko Monduli, ambako kuna misingi ya mawe ya nyumba za watu waliolima kwa mifereji kuanzia karne ya 15 hivi, kisha wakahama katika karne ya 18.

Huko ni mbali, na kikundi chenye mfuko mdogo hakiwezi kuanzia huko. Anzeni nyumbani. Upande wa Missenyi, katika eneo la Bwanjai, kuna miamba yenye michoro ya kale ya rangi nyekundu. Na kwa mama anayetoka Muleba kwenda Bukoba kwa njia ya Kemondo, si mbali na Maruku, kipo kijiji cha Katuruka. Hapo wazee wetu walisema ndipo palipokuwa na makao ya Omukama Rugomora Mahe, na hapo ulisimama mti mkubwa ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Masimulizi yalisema kwamba mfalme huyo aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka.

Mwaka 1969 alikuja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt. Hakuanza kuchimba. Alianza kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza. Wao ndio waliomwelekeza penye mti ule. Alipochimba alikuta shimo la kufulia chuma lenye mkaa, na vipimo vya mkaa ule vilionyesha umri wa miaka 2,500 hivi. Yaani kabla Bwana wetu hajazaliwa Bethlehemu, watu wa pande hizi za Buhaya walikuwa wakiyeyusha mawe na kutoa chuma. Mwaka 1976 wazee wachache waliokuwa bado wanaijua kazi hiyo walijenga tanuru na kuifanya tena mbele ya wataalamu, na habari zake zilichapishwa mwaka 1978 zikasomwa dunia nzima.

Akina mama wenzangu, jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Wafua chuma wa zamani walilihesabu tanuru kama tumbo la mama, na chuma kama mtoto anayezaliwa. Mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa kukaribia, na wanaume wenyewe walijitenga na wake zao mpaka kazi imalizike. Lakini jembe lilipotoka huko, nani alilishika? Ni mama aliyekwenda rweya kulima musiri wa njugu na maharage. Kwa hiyo mwanamke alizuiwa kukaribia tanuru, lakini ndiye aliyelisha nyumba kwa kilichotoka humo. Leo tunaweza kufika tukaona. Je, hiyo ni kupoteza nauli?

Je, ni dhambi?

Sasa tumjibu mwenzetu mwenye hofu. Hofu yake isichekwe. Mahali pengi pa kale palikuwa pa matambiko, na mwanamke Mkristo ana haki ya kuuliza anakwenda kufanya nini huko.

Tukumbuke Mtume Paulo alipofika Athene. Mji ule ulijaa madhabahu za miungu. Paulo hakufumba macho. Alizunguka, akazitazama, akasoma hata yaliyoandikwa juu yake, na kwa sababu alikuwa amezitazama ndiyo maana alipata la kuwaambia watu wa mji ule. Kutazama si kuabudu. Dhambi ingekuwa kwenda na yai au sarafu mfukoni ili kuomba uzazi au kumloga mke mwenza. Ukienda kujifunza jinsi bibi na babu zako walivyoishi, unatii amri ya kuwaheshimu wazazi. Anayeona bado dhamiri inamsumbua azungumze na padre au mchungaji wake kabla ya safari, wala wenzake wasimlazimishe.

Tena Biblia yenyewe ina mawe ya kumbukumbu. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza yachukuliwe mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kusimamishwa Gilgali. Kwa nini? Si kwa ajili ya kuyasujudia. Ni ili siku moja watoto waulize mawe yale ni ya nini, na wazazi wawajibu. Angalieni hapo. Jiwe peke yake halikutosha. Ilihitajika mtoto wa kuuliza, na mzazi aliye na jibu.

Hatari iliyopo

Hapa ndipo penye uchungu. Sisi wa Kagera tunajua kilichotupata. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika mkoa wetu. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimelala migombani. Tunapohesabu hasara ile tunahesabu wana, mabinti, walimu, wauguzi. Hatuhesabu masimulizi yaliyozikwa pamoja nao. Mtu ambaye angepokea habari kutoka kwa baba yake na kumpa mwanawe hakuwepo tena. Mnyororo ulikatika katikati.

Peter Schmidt aliporudi Katuruka baada ya miaka mingi, wengi wa wazee waliomsimulia hawakuwepo tena. Mti wa Kaiija nao haupo. Lakini ilionekana kwamba wanawake wazee, ambao zamani watafiti hawakuwaendea sana kwa kuwa waliwatafuta wanaume, ndio waliobaki na mengi. Wanakijiji wenyewe waliamka, wakaanza kutunza mahali pao na kupaonyesha kwa wageni.

Mama mpendwa, fikiri juu ya omukaikuru aliye nyumbani kwako au kwa jirani. Amekaa jikoni, anamenya ndizi, anakohoa. Watoto wako wanampita wakikimbilia televisheni na simu. Anajua jina la kilima kile na kwa nini hakikulimwa. Anajua nani aliishi pale kabla ya ukoo wenu. Hajawahi kuulizwa, naye hawezi kusema asipoulizwa, kwa maana amezoea kuambiwa kwamba mambo yake ni ya kishenzi. Akifa, mawe yatabaki bila mtu wa kuyasemea. Na jiwe lisilojulikana ni la nani halichelewi kupasuliwa kokoto.

Mafiga matatu

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Ndiyo sababu nimesema marafiki kumi na wawili wasiende peke yao. Safari ya namna hii ina mafiga matatu: bibi, mama na mtoto. Bibi ana habari. Mtoto ana maswali, na atakuwa na miaka ya kuyakumbuka. Mama ana nguvu, ana fedha za mchango, naye anajua lugha ya wote wawili. Ukiondoa figa moja, chungu kitamwagika. Marafiki peke yao watarudi na picha tu.

Haya ndiyo matayarisho ninayoshauri:

1. Mumeo asisikie habari za safari kwa jirani. Mweleze mapema mnakwenda wapi, na akina nani, na mtarudi saa ngapi. Panga chakula cha nyumbani. Baba akibaki na wadogo kwa siku moja hatapungukiwa na kitu, huenda hata akajifunza.

2. Chagueni mweka hazina mmoja mwaminifu, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Nauli ya bibi na ya mtoto itoke katika mfuko wa kikundi. Wala mwenzetu mjane asiachwe kwa kukosa mchango.

3. Kodisheni gari zima kabla ya siku yenyewe, na msikubali kujazana. Epukeni miezi ya mvua kubwa, kwa maana njia za vijijini huteleza na bibi hatembei juu ya utelezi.

4. Mkifika, pigeni hodi kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji. Mahali pale ni pa watu. Mwombeni mwenyeji wa kuwaongoza, na mmpe haki yake.

5. Msiokote kitu. Kigae, kipande cha bomba la udongo, takataka ya chuma, vyote viachwe pale vilipo. Tangu mwaka 1964 nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale inayokataza kuchimba na kuchukua vitu hivyo bila kibali. Penye michoro msimwage maji ili rangi ionekane vizuri, wala msifuatishe mistari kwa chaki au mkaa. Watoto waambiwe kabla hawajashuka garini.

6. Bebeni chakula chenu, maji na mkeka wa bibi. Baada ya kutazama, ketini kivulini, kahawa ya kutafuna izungushwe, kisha nyamazeni. Mwacheni bibi aseme. Hata akisema jambo usilolikubali kwa imani yako, usimkatize mbele ya watoto. Utawaeleza nyumbani.

7. Binti mmoja anayejua kuandika vizuri apewe daftari. Aandike jina la mahali, jina la msimulizi, tarehe, na maneno yake, hata kwa Kihaya. Simu ikirekodi sauti, vizuri zaidi, lakini daftari halihitaji umeme.

Huenda kikundi chako hakitapata fedha za gari mwaka huu. Msikate tamaa. Kila kata ya Bukoba na Muleba ina kilima chenye jina, mwamba wenye hadithi, au mahali palipokuwa na nyumba ya mfalme wa Ihangiro au Kianja. Nendeni kwa miguu Jumamosi moja. Safari ya Thimlich Ohinga, kwa meli hadi Mwanza na kwa basi hadi Sirari na Migori, mtaifanya baadaye, mkiwa mmekwisha kujua ya kwenu. Wenyeji wa kule wakiwauliza ninyi kwenu mna nini, mtakuwa na jibu.

Kwa mama wa Kamachumu na wenzake nasema: msigombane. Aliye na hofu afuatane nanyi ili mradi dhamiri yake inamruhusu, naye aliyesema ni mawe tu apewe kazi ya kumshika bibi mkono njiani. Nadhani yeye ndiye atakayerudi na mengi zaidi.

Wengine tunaosoma tuanze jioni hii hii. Kabla chungu hakijaepuliwa, mwite mwanao aketi karibu na bibi yake, umwambie amwulize jambo moja tu: kilima hiki chetu kiliitwaje zamani, na kwa nini? Halafu na wewe usikilize.