Dereva na Gari Lake: Stata Inapozunguka kwa Uzito

Mwenye motakaa akaaye karibu na bahari, tangu Mtwapa mpaka Ngomeni, huijua sauti hii. Alfajiri huketi penye usukani, huzungusha ufunguo, na injini badala ya kuitika mara moja huzunguka kwa uzito, nga, nga, nga, mithili ya mzee apandaye ngazi. Siku ya kwanza huwaka. Siku ya tatu haiwaki. Ndipo watazamaji wasemapo kwa kauli moja kwamba betri imekufa, na mwenye gari huanza kuhesabu fedha zake.

Yamkini ni kweli. Walakini katika nchi hii ya pwani betri husingiziwa mara nyingi kuliko inavyostahili, na kwa sababu hiyo yafaa kusimulia habari ya dereva mmoja wa Ngomeni.

Dereva huyo alikuwa na Toyota Probox ya gia za mkono, ambayo kwayo alichukua abiria wa Gongoni, Mambrui na Malindi mjini. Stata ilipoanza kuzunguka kwa uzito alinunua betri mpya. Gari likapata nafuu kwa majuma machache, kisha hali ikarudi kama kwanza. Kabla ya mwaka kwisha akanunua betri ya pili, na fedha za hiyo alizikopa. Usiku mmoja wakati wa kusi akagongewa mlango na jirani yake, ambaye mkewe ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mama akaingizwa garini, ufunguo ukazungushwa. Injini ikazunguka mara mbili, ikanyamaza. Vijana wakaja kusukuma, lakini magurudumu yalizama katika mchanga. Mwishowe yule mama alipakiwa juu ya pikipiki, dada yake amemshika kwa nyuma, wakashika njia ya Malindi gizani. Alijifungua salama. Mwenye gari hakulala usiku ule.

Kulipokucha alimwita fundi mzee kutoka Mambrui.

"Shikamoo, mzee. Nitafutie betri ya tatu, hii nayo ni mbovu."

"Marahaba, mwanangu. Washa taa kubwa kwanza, kisha upige stata."

Taa zikawaka kwa nguvu, na stata ilipopigwa zilibaki vile vile, huku injini ikizunguka kwa taabu. Mzee akatikisa kichwa. "Betri yako haina kosa," akasema. "Nguvu anazo mwenyewe, ila haziifikii stata."

Jaribio hilo halina gharama, na kila dereva aweza kulifanya peke yake mbele ya ukuta wakati wa magharibi. Taa zikififia karibu kuzimika stata inapozunguka, basi ama betri haina chaji, ama stata yenyewe yala umeme kupita kiasi. Taa zikisimama imara huku stata ikienda polepole, yaelekea pana kizuizi njiani. Na sababu yake ni hesabu nyepesi. Stata ya gari dogo hula umeme wa ampea 100 mpaka 200, hali taa mbili kubwa hula kiasi cha ampea 10 tu. Kizuizi cha moja ya mia ya ohm taa hazikitambui kabisa. Lakini ampea 150 zikipita hapo, volti moja na nusu hupotea na kugeuka joto bure. Katika betri ya volti 12, ambayo hata ikiwa nzima hushuka mpaka 10 au 11 stata ipigwapo, hasara hiyo ni kubwa.

Sasa msomaji ataka kujua kizuizi hicho hukaa wapi. Umeme una safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Huenda kwa waya mnene utokao upande chanya wa betri mpaka kwenye stata. Hurudi kwa kupitia chuma cha injini, na kutoka injini huvuka kwa waya uliofungwa penye bodi, mpaka upande hasi wa betri. Watu huuangalia ule wa kwenda, maana ni mwekundu na waonekana. Ule wa kurudi hujificha chini, umejaa matope na mafuta, na huko ndiko chumvi ya bahari ifanyako kazi yake bila kusumbuliwa.

Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kama ajuavyo kila mpishi wa pwani ambaye kopo lake la chumvi limelowa bila kutiwa maji. Shaba ya waya, risasi ya kichwa cha betri na chuma cha bodi vikigusana, kisha vikaloweshwa kwa maji ya chumvi, vyenyewe huwa kama betri ndogo, na metali iliyo nyonge kuliko mwenziwe huliwa. Gari lilazwalo ufuoni hupata rashasha ya mawimbi usiku kucha. Huko Gongoni na Ngomeni, ambako maji ya bahari huanikwa katika mabwawa ili kupata chumvi, magari hupata fungu lao maradufu.

Yule fundi hakufungua kitu bado. Alitwaa waya mnene wa kuazimia chaji, akaibana ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mikanda na feni. Stata ikapigwa, injini ikawaka kabla dereva hajauachia ufunguo. Hapo shauri lilikwisha. Akalala chini ya gari, akatoka na kipande cha waya wa kusukwa ulioiunga injini na bodi: nyuzi zake za shaba zimekuwa unga wa kijani, zimebaki chache zenye uhai, na bolti yake imefunikwa na kutu. Katika magari mengine waya wa namna hii ukikatika, umeme hujitafutia njia katika kebo ya klachi au ya mafuta, hata kebo ikapata moto na kutoa moshi. Dereva aonaye jambo hilo asipige stata tena.

Ni haki kuuliza kwa nini betri mpya ilileta nafuu kwanza. Sababu ni kwamba kila betri ilipofungwa vichwa vyake vilisuguliwa na vibanio vikakazwa, na kizuizi kimoja kati ya viwili kikaondoka. Tena betri mpya ina nguvu za kutosha kustahimili hasara kwa muda.

Matengenezo yenyewe si magumu, ila yataka uangalifu. Waya wa upande hasi ufunguliwe kwanza, na urudishwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Pete ya kidoleni ivuliwe, na sigara isikaribie, kwani betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni iwezayo kulipuka. Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa ni wa asidi. Humwagiwa maji yaliyotiwa magadi mpaka povu litulie, na yasipenye ndani ya betri. Kisha hufuatia brashi ya waya au msasa, mpaka metali ing'ae, upande wa kichwa na upande wa kibanio pia. Mahali waya wa kurudi ufungwapo penye bodi, rangi na kutu vikwanguliwe kabisa. Vyote vikaushwe, vikazwe, ndipo vipakwe grisi kwa nje. Wengi hupaka grisi juu ya uchafu, nayo huuhifadhi uchafu huo vizuri sana.

Mwenye mita ya kupimia umeme aweza kuhakikisha. Ncha moja aiweke juu ya kichwa hasi chenyewe, si juu ya kibanio, na ya pili penye chuma cha injini, na mtu wa pili apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Afanye vivyo hivyo baina ya kichwa chanya na bolti kubwa ya stata. Asiye na mita atumie mkono wake: stata ikishapigwa kwa sekunde tano na ufunguo ukazimwa, kiungo kilichopata joto kuliko vingine ndicho chenye kosa. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishwe dakika moja au mbili.

Yapo mambo ambayo hayatoki kwa chumvi. Gari liwakalo vema alfajiri, lakini likitoka safari ya Kilifi na kuzimwa kidogo huzunguka kwa uzito, mara nyingi lina ugonjwa wa stata. Shaba ikipata joto hukataa umeme zaidi, na bushi zilizolika huiacha stata isuguane ndani yake. Kaboni zake pia zaweza kuwa zimekwisha. Fundi wa stata hubadili vitu hivyo pasipo kununua stata nzima.

Na betri nayo hufa, haifai kukana. Joto la pwani hulifupisha umri wake. Ikipumzika usiku kucha, betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6, ikionyesha 12 kamili yakaribia kuwa tupu. Lakini kabla ya kuilaumu, injini iwashwe na mita iwekwe tena: ikiwa haifiki volti 13 na nusu, yaelekea kosa ni la altaneta au mkanda wake, na hata betri kumi mpya zitakwisha chaji vivyo hivyo. Wengine huiua betri kwa mikono yao kwa kuiongeza maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, kwa kuwa maji ya bahari hupenya katika mawe ya matumbawe, na chumvi hiyo huharibu sahani za ndani. Maji yaliyotoneshwa kwa mvuke ndiyo yafaayo, wala si mengine.

Wazee wa udereva husema kwamba zamani mambo haya hayakuwatisha, kwani walikuwa na hendeli. Cadillac ya mwaka 1912 ndiyo iliyotangulia kuuzwa ikiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering wa Marekani. Walakini hendeli ilidumu katika magari mengi miaka mingi baadaye, ikavunja mikono ya watu si haba. Hapo Kilifi magari yalivushwa kwa pantoni mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na ole wake ambaye gari lake lilikataa kuwaka akiwa wa kwanza mbele ya safu nzima. Siku hizi hendeli haipo, na magari mengi yana gia za kujibadili zenyewe, ambayo hata kusukumwa hayawaki.

Yule fundi wa Mambrui alifunga waya mpya wa kusukwa, akasugua viungo vitatu, akalipwa ujira usiofika sehemu ya kumi ya bei ya betri. Gari la Ngomeni huwaka tangu siku hiyo kwa mguso mmoja. Betri ile ya kwanza, iliyouzwa kwa jirani kwa bei ya chakavu, ilipochajiwa ilionekana nzima, ikawa inawasha taa mbili na redio nyumbani kwake. Jirani huyo ndiye yule ambaye mkewe alipelekwa Malindi kwa pikipiki.