Cabo Delgado: Kwa nini somo la bahari lianzie shuleni

Kaskazini mwa Msumbiji, mashua ni chombo cha riziki na pia cha kukimbilia vita. Hata hivyo, watoto wengi hupanda vyombo hivyo bila kufundishwa namna ya kujinusuru wanapotumbukia majini.

Oktoba 29, 2020, mashua iliyobeba watu waliokimbia mapigano ilizama kati ya visiwa vya Ibo na Matemo. Watu wasiopungua 40 walipoteza maisha. Aprili 7, 2024, chombo cha uvuvi chenye watu takriban 130 kutoka Lunga kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, katika mkoa jirani wa Nampula. Walikufa watu 98, wakiwemo watoto 55. Wengi walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu.

Vita na uvumi ni sababu mbili tofauti, lakini katika misiba yote miwili familia zilisafiri kwa hofu. Mwenye hofu hachagui chombo wala hahesabu abiria.

Kuishi pwani si kujua kuogelea

Ni rahisi kudhani kwamba mtoto wa Palma au Mocímboa da Praia huzaliwa akiijua bahari. Ukweli ni kwamba wavulana hujifunza kwa kuiga, na wasichana wengi hawapati hata nafasi hiyo, ingawa huandamana na mama zao kuokota chaza maji yanapokupwa. Wakati wa bamvua, maji hurudi kwa kasi na kuwazingira walio mbali na ufuo.

Aidha, vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewaleta pwani watoto wa Mueda na Muidumbe, ambao hawakukulia karibu na bahari.

Funzo kutoka Nungwi

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na linapendekeza watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea, tahadhari za majini na uokoaji salama. Huko Nungwi, Unguja, karibu na ilikozama MV Spice Islander I Septemba 2011, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa katika mavazi ya stara. Imani na mila hazikuwa kizuizi, kwani somo liliziheshimu.

Somo kama hilo halihitaji bwawa. Linahitaji maji ya kina kifupi, mwalimu, mvuvi mzoefu, kamba na dumu tupu. Mtoto afundishwe kuelea chali, kusoma kupwa na kujaa, na kumrushia anayezama kamba au dumu badala ya kumrukia. Kireno ndiyo lugha rasmi ya shule, lakini onyo la bahari humwingia mtoto upesi zaidi kwa lugha ya nyumbani kwao, kama Kimwani.

Kuelea peke yake hakuwezi kufidia chombo kilichojazwa kupita kiasi. Ukaguzi bandarini na maboya ya kujiokolea ni wajibu wa serikali, na mtoto asitwishwe mzigo huo. Lakini usalama ukiyumba tena, familia zitaelekea ufukweni kabla mkaguzi hajafika. Wakati huo, alichofundishwa mtoto ndicho pekee atakachokuwa nacho majini.