Masizi ya Baruti Nayo ni Shahidi

Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi waliorushiana nao risasi huko Sinza. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ilibaini kwamba hapakuwa na mapambano. Watu hao waliuawa katika msitu wa Pande. Ilichukua hadi mwaka 2016 Mahakama ya Rufani kumtia hatiani ofisa mmoja wa polisi.

Katika mashauri ya aina hiyo, jambo kubwa ni kujua risasi ilipigwa kutoka umbali gani. Shahidi huweza kutishwa au kununuliwa. Masizi ya baruti hayahongeki.

Bunduki inapolia, moshi na chembe za baruti hutoka pamoja na risasi. Mtutu ukiwa karibu, chembe hujazana kulizunguka tundu. Ukiwa mbali, hutawanyika. Zamani mtaalamu alikadiria kwa jicho. Siku hizi nguo yaweza kupigwa picha, hata kwa mwanga wa infraredi unaofichua masizi chini ya damu, kisha kompyuta ikahesabu chembe na kupima zilivyoenea. Matokeo hulinganishwa na risasi za majaribio zilizopigwa kwa bunduki na risasi za aina ile ile.

Hata hivyo, mashine si hakimu. Huko Uingereza, Barry George alifungwa mwaka 2001 kwa kifo cha mtangazaji Jill Dando, na chembe moja tu iliyokutwa katika mfuko wa koti lake ilikuwa sehemu ya ushahidi. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2007, naye akaachiwa huru mwaka 2008. Chembe ilikuwapo, uzito iliyopewa ndio uliozidi kipimo.

Mwananchi wa Kitura, Mbinga au Mbamba Bay yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Chembe za mkononi hupukutika kwa saa chache. Tena gobore la baruti nyeusi huacha masizi yenye salfa na potasiamu, tofauti na risasi za kiwandani. Kompyuta isiyopewa mfano wa gobore haitalitambua.

Kwa hiyo haki huanzia zahanati na kituo cha polisi. Nguo ya majeruhi isifuliwe, isikatwe penye tundu. Ikaushwe kivulini na kufungwa katika karatasi peke yake. Hapana budi kila wilaya ipewe vifaa vya kuchukulia vielelezo, na waganga, wauguzi na askari wafundishwe kuvitumia. Walimu wa sayansi nao wawaeleze wananchi sababu zake.

Adhabu ya kuua kwa kukusudia nchini ni kifo. Taifa linalotoa adhabu hiyo halina ruhusa ya kuuacha ushahidi uoshwe kwa sabuni.