Sauti Iliyo Kati ya Vibao Viwili

Juzi jioni hapa Korbesa tulisikiliza taarabu ya Unguja katika redio, na karani mwenzangu akasema kwamba mwimbaji amekosea sauti. Sikumlaumu. Sisi tuliosoma misheni tulifundishwa kuwa sauti isiyopatikana kwenye kinanda ni kosa. Nami nilipohamia huku nilizicheka kasida za majirani zangu, jambo ambalo sasa nalionea haya.

Yafaa wasomaji wafikiri. Piano ina vibao 12 tu katika kila oktava, na tuni za Kiarabu, kama Rast na Bayati, hutaka sauti zikaazo katikati ya vibao hivyo. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Cairo mwaka 1932, Béla Bartók wa Hungaria akiwamo, walibishana sana juu ya piano. Fidla nayo ni ya Kizungu, lakini shingo yake ni laini, na kidole hutua popote mpigaji apendapo. Kwa hiyo katika vikundi vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka 1905, fidla imeketi pamoja na udi, nai na ganuni bila ugomvi.

Mwenzangu alijibu kwamba masikio yake bado hayajakubali. Nikamwambia, Bwana, yangu yalichukua miaka minne.