Usikubali Yote kwa Kuogopa Kuachwa

Kijana, hasa wa kike, aliyepata mchumba hupewa ushauri uleule karibu kila mahali: kubali kwanza, usimkere, mengine mtarekebishana mkishaoana. Mwanamume akisema hataki mke anayefanya kazi, nyamaza. Akisema anataka watoto sita, tabasamu. Mvulana naye huhimizwa aahidi matumizi asiyoyaweza ili asionekane dhaifu ukweni. Ushauri huu husifiwa kuwa ni busara. Mimi nauita udanganyifu, hata unapotolewa kwa nia njema, kwa sababu unamnyima mwenzako jambo ambalo uchumba uliwekwa alipate, nalo ni kukujua.

Wazee wetu walilielewa hilo. Mshenga hakutumwa kupeleka posa tu. Kati ya posa na jibu, pande zote mbili ziliulizia ukoo, dini, kazi, madeni, maradhi na tabia. Siku hizi sehemu kubwa ya kuulizia huko imebaki mikononi mwa wawili wenyewe, na hao ndio tunaowafundisha kuficha majibu.

Gharama yake inajulikana. Mwaka 1994 William Swann na wenzake wawili, nchini Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha wapenzi ambao hawajaoana na wanandoa. Wapenzi walikuwa karibu zaidi na mwenzi aliyewaona wazuri. Wanandoa walikuwa karibu zaidi na mwenzi aliyewaona kama wao wenyewe walivyojiona, hata wale waliojiona wana kasoro. Kwa hiyo sura ya kupendeza hulipa mapema, kisha ndoa hudai nyingine, na aliyejificha hana tena njia rahisi ya kujitokeza. Mwaka 2005 Emily Impett na wenzake waligundua jambo linalofanana na hilo: mpenzi anayejinyima ili kumfurahisha mwenzake huwa na furaha zaidi, lakini anayejinyima kwa kukwepa ugomvi huvuna huzuni na ugomvi uleule aliokuwa akiukimbia. Tendo linaweza kuwa moja, mathalani kuhamia mji wa mwenzako. Linalotofautisha ni kama ulihama kwa mapenzi au kwa hofu. Na ushauri wa “kubali kwanza” ni ushauri wa hofu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nitaambiwa kwamba asiyebadilika hawezi kuishi na mtu, na kwamba mshairi Mwana Kupona alimwachia binti yake, mnamo 1858, utenzi mzima wa kumhimiza amtii na kumpendeza mume. Nakubali la kwanza. Saa za kurudi nyumbani, chakula, namna ya kusema na wakwe, haya yote hubadilika, na anayeng’ang’ania kila kitu kwa kaulimbiu ya “anipende nilivyo” hajawa tayari kuoa wala kuolewa. Kuhusu la pili, Mwana Kupona alikuwa akizungumzia wajibu wa mke kwa mumewe. Unaweza kuukubali wajibu huo au kuukataa, lakini haukuhusu kumficha mchumba imani yako, kazi yako au idadi ya watoto unaowataka.

Hata sheria inatofautisha mabadiliko mazito na yale madogo ya kila siku. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaruhusu ndoa ya mke mmoja igeuzwe kuwa ya wake wengi, ila kwa tamko la mume na mke, kila mmoja akikubali kwa hiari yake. Badiliko zito linahitaji watu wawili, wazi, bila kushurutishwa. Sioni kwa nini kuacha kazi au kuacha dini kuhitaji chini ya hapo.

Basi enyi makungwi, mashehe, wachungaji, mashangazi na wazazi mnaowafunda vijana, acheni kuwafundisha kunyamaza. Waambieni wayaseme mambo makubwa kabla ya mahari kupokelewa, na mchumba akiondoka kwa sababu ya jibu la kweli, msimlaumu aliyelitoa.