Ali Ahmeti: kutoka mlimani hadi miaka ishirini serikalini

Picha ya mpiganaji akiwa msituni na bunduki, vijana wetu huipenda sana. Inazunguka kwenye simu mpaka inachakaa. Picha ya mtu huyo huyo miaka kumi baadaye, amevaa suti, anagawa vyeo, hiyo hakuna anayeituma. Leo tuitazame hiyo.

Ali Ahmeti ni Mwalbania wa Masedonia Kaskazini, alizaliwa 1959. Waalbania huko ni kama robo ya wananchi, na wengi wao ni Waislamu. Polisi na ofisi za serikali zilijaa Wamasedonia. Chuo kikuu ambacho Waalbania walijifungulia wenyewe Tetovo mwaka 1994 kiliitwa haramu, polisi wakakivamia.

Mapema 2001 vita vikaanza milimani. Ahmeti, aliyeishi uhamishoni Uswisi miaka mingi, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kisiasa wa wapiganaji. Vita havikufika mwaka, lakini zaidi ya watu laki moja walihama makwao. Waalbania walihama, na Wamasedonia pia walihama. Hilo la pili tusiliruke.

Agosti 13 mkataba wa Ohrid ukatiwa saini Skopje, na Ahmeti hakuwa mezani! Waliotia saini ni rais na viongozi wa vyama vinne, viwili vikiwa vya Waalbania. Wapiganaji wakakabidhi silaha kwa NATO, wakapata msamaha wa kisheria. Mwaka 2002 Ahmeti akaunda chama cha BDI, na Septemba hiyo hiyo kikazoa kura nyingi za Waalbania kuliko wale waliotia saini. Mtu ambaye Marekani ilikuwa imemwekea vikwazo mwaka mmoja tu nyuma, chama chake sasa kimo serikalini.

Tuwe wakweli, matunda yalipatikana. Palipo na asilimia 20 ya wanaozungumza Kialbania, lugha hiyo ikawa rasmi. Chuo cha Tetovo kilitambuliwa 2004. Waalbania wakaingia polisi na maofisini.

Shida ikaanzia hapo hapo maofisini. BDI ilikaa serikalini 2002 hadi 2006, kisha 2008 hadi 2024. Nafasi zilizopiganiwa kwa jina la jamii nzima zikawa kama za chama, na waliolalamika zaidi ni Waalbania wenyewe: eti bila kujulikana na chama, kazi husahau. Wako walioajiriwa kwa ajili ya uwiano wa kikabila, wakalipwa mshahara wakiwa nyumbani kwa sababu hawakupangiwa kazi yoyote. Huo ni uwiano wa karatasi. Mama anayekwenda ofisini kutafuta hati kwa lugha yake haumsaidii kitu.

Januari 2024 Talat Xhaferi wa BDI, naye aliyewahi kupigana upande wa Ahmeti, akawa Mwalbania wa kwanza kuwa waziri mkuu, wa mpito hadi uchaguzi. Baada ya kura za Mei, serikali mpya ikaundwa na vyama vingine vya Waalbania ndani yake. Waalbania hawakutoka serikalini. Aliyetoka ni Ahmeti na chama chake.