Usihame keja ukidhani umehama tabia

Kila Januari utaziona pikapu zikiingia Membley zimebeba godoro, mtungi wa gesi na televisheni iliyofungwa kwa blanketi. Labda moja ya mwaka huu ilikuwa yako. Karibu, jirani. Ila kabla hujamaliza kupanga viatu, hebu nikuulize: umehama nyumba tu, ama umehama na maisha?

Nauliza kwa sababu hata mimi niliingia hapa na pikapu. Nilitoka Githurai nikiwa nimejiaminisha kwamba nikipata keja yenye geti, mtaa uliotulia na majirani wasiopiga muziki usiku kucha, nitaacha kubeti, nitamaliza mikopo ya simu na nitaanza kuweka akiba. Nikabandika ukutani picha ya gari na ya ploti. Nikawatangazia marafiki: mnayemwona hapa ni mtu mpya.

Mtu mpya alidumu wiki tatu. Kodi ilikuwa imepanda, mshahara ulikuwa ule ule, na jam ya Thika Road jioni haikuwa imeenda popote. Humo ndani ya jam ndimo nilimokuwa nikibeti. Nikikaa tu kwenye kiti cha matatu, kidole kinajua njia. Siku moja mama akapiga simu kutoka kijijini akiomba shilingi 3,000 za dawa. Nilikuwa na shilingi 140 kwenye simu na mkopo wa kulipa kesho yake. Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua. Akanijibu, "Sawa mwanangu, usijali." Nikabaki nimekaa chini ya ile picha ya gari.

Aibu ya siku hiyo ndiyo inayonifanya nikuandikie leo. Naamini wengi wetu hatushindwi kubadilika kwa sababu ya uvivu. Tunashindwa kwa sababu tunataka kung'oa maisha yote kwa siku moja na kuotesha mengine. Maisha hayaoteshwi hivyo. Hupandikizwa.

Wazo hilo nimelipata hapa hapa nyumbani. Kabla ya maghorofa haya, Ruiru ilijulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa, na hadi leo kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa. Miaka ya 1960 ilipokuwa inaelekea ukingoni, ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi, uliwatesa sana wakulima wa Kenya. Watafiti wa Ruiru wakafanya kazi ya miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa aina ya kahawa inayostahimili ugonjwa huo: Ruiru 11. Mwaka 2010 wakaongeza nyingine, Batian.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mkulima mwenye miti mizee inayougua. Anaweza kuing'oa yote, apande miche na asubiri. Lakini kuna njia nyingine ambayo wakulima wengi wameitumia. Unaukata mti, unabakiza kisiki, unangoja kichipuke, kisha kwenye chipukizi lile unaunganisha kijiti cha aina mpya. Mizizi ni ile ile ya zamani, iliyokwisha kujua udongo na maji yako wapi. Matunda ndiyo mapya. Na mkulima huyu huvuna mapema kuliko yule aliyeanza na mche.

Kisiki chako ni kipi? Ni jambo lolote unalofanya kila siku bila kusukumwa. Kuchemsha chai. Kuoga. Kufunga mlango. Kwangu mimi kilikuwa kiti cha matatu. Niliacha kujiapiza kwamba nitakuwa mtu mwenye nidhamu, nikajipa sheria moja: nikikaa tu, kabla ya kugusa kitu kingine, natuma shilingi 50 kwenye akaunti ya akiba niliyoifunga nisiweze kuitoa ovyo. Kisha simu inaingia mfukoni hadi nifike steji. Hamsini bob, basi. Hata mimi niliicheka.

Nilichagua kiwango kidogo makusudi. Ukianza na shilingi 500 kwa siku, utaweza wiki ya mshahara, halafu tarehe 20 uzikope tena ili usionekane umeshindwa. Jambo jipya liwe dogo kiasi kwamba hata siku umechoka, umenyeshewa na umekosana na bosi, bado utalifanya.

Pia achana na hesabu ya siku 21. Hadithi hiyo inatokana na daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura mpya. Hakuwa anazungumzia wewe na kamari. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliochagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio walilolizoea, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana. Matokeo yao yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba tabia ilichukua wastani wa siku 66 kushika. Wengine siku 18 tu. Wengine walikadiriwa kuhitaji hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Hayo ya mwisho yaandike mahali uyaone. Mimi niliteleza wiki ya nne, nikabeti mshahara ulipoingia. Zamani ningesema, "Imeshaharibika, wacha niendelee." Safari hii nilikaa kwenye kiti kesho yake nikatuma ile hamsini. Kuteleza si kuanguka, wahenga walishasema.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko wangu, muangalie Eliud Kipchoge. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Hakuacha mbio akatafute kipaji kingine. Miguu ile ile, nidhamu ile ile, akaihamishia barabarani. Aprili 2013 akashinda marathoni yake ya kwanza, Hamburg. Baadaye zikaja dhahabu mbili za Olimpiki. Mizizi ya zamani, matunda mapya.

Najua utaniambia: "Buda, shida yangu si tabia, ni doo." Nakuelewa, na sitakudanganya. Shilingi 50 haileti kazi, haishushi kodi wala bei ya unga. Kuna wakati badiliko la busara ni kukubali kwamba Membley imekushinda kwa sasa na urudi keja ya bei nafuu bila kuona soo. Na kama kamari imekushika hadi unauza vitu vya nyumba, usijifiche na sheria ndogo kama yangu. Tafuta mshauri, mwambie mtu wa karibu. Lakini hata doo zikija kesho, zitaipata ile tabia uliyonayo leo. Mimi nimewahi kuongezwa mshahara. Niliongeza dau.

Kwa hivyo usiningoje Januari ijayo. Leo jioni chagua kisiki kimoja, upandikize kitu kimoja, kidogo. Usitangaze kwenye grupu, na usibandike picha. Mwambie mtu mmoja tu ambaye hutaki kumdanganya tena.

Wangu alikuwa mama. Nilimpigia nikamweleza ukweli kuhusu ule "mtandao." Alinyamaza kidogo, akasema alijua. Sijanunua ploti bado, na deni moja bado ninalilipa. Ila mwezi uliopita aliponipigia kuhusu dawa, nilituma tukiwa bado tunasalimiana.